BURSE YA MGUU NI KONTRA YA KAZI

Wazazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ninyi mnaoshuka mgodini usiku na ninyi mnaouza sokoni mchana, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kartasi moja. Kila mwaka wakati wa likizo kubwa, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba, kartasi hiyo inazunguka katika makomini yetu. Inatoka katika shule za watu binafsi, zile zenye ukuta mrefu na lango la chuma, ambazo mtoto haingii bila kufaulu ekzame ya kuingia, na baba yake hapokelewi bila dola mkononi. Kartasi inasema: mtoto mwenye akili ambaye wazazi wake hawana feza, naye anajua kucheza mpira, atapewa burse.

Tunaona furaha inayoingia nyumbani siku ile. Mama anapiga kigelegele, majirani wanakuja kusalimu, baba anatembea komini nzima na kartasi mfukoni. Nani asingefurahi? Mshahara wa mchimbaji tunaujua, kwani sisi makarani ndio tunaouandika. Lakini kazi ya karani ni kusoma kartasi mpaka mstari wa mwisho, ule wenye herufi ndogo. Basi tumeusoma.

Katika kartasi zile ambazo wazazi walituletea, maneno si yale yale, lakini maana ni moja: burse itadumu muda mtoto anapobaki katika ekipe ya shule. Akitoka katika ekipe, burse imekwisha. Hakuna neno juu ya ugonjwa. Hakuna neno juu ya kuvunjika. Hakuna neno juu ya mwalimu wa mpira aliyepata mtoto mwingine mwenye mbio zaidi. Na hakuna neno juu ya wasichana, kwani kartasi zote tulizoziona zinasema mvulana.

Tunamjua kijana mmoja, mwana wa fundi wa umeme wa mgodi. Aliingia katika shule moja ya namna hiyo. Hatutataja jina lake wala jina la shule, kwani ugomvi wetu si na lango moja, ni na desturi yote. Ekzame ya kuingia aliifaulu vizuri, na mwaka wa kwanza alikuwa wa nne katika kalasi. Mwaka wa pili goti lake likapasuka ndani, katika mechi ya shule, juu ya kiwanja cha shule, akivaa shati la shule. Septemba ilipofika, baba yake akapewa kartasi nyingine: minervali yote, kwa dola, kama mtoto wa mfanyabiashara. Akili ya mtoto haikuvunjika. Alama zake hazikushuka. Lakini akatoka. Leo anauza kredi ya simu kando ya barabara, na anachechemea.

Tunauliza: kijana huyu alipewa burse juu ya nini? Kama ni juu ya akili, akili ingali pale pale. Kama ni juu ya umaskini, umaskini haukupungua bali uliongezeka, sababu baba alimlipa daktari. Basi ilikuwa juu ya goti. Lilikuwa goti la kukodi, na kitu cha kukodi kikiharibika kinarudishwa kwa mwenyewe.

Sisi tunajua kontra ni nini. Mfanyakazi wa mgodi akivunjika mguu kazini, kampani inapaswa kuandika ajali, kartasi inakwenda CNSS, na sheria inasema alipwe. (Tunajua foleni ya CNSS, ndugu, msitucheke. Lakini sheria ipo, na delege wa sindika anaweza kupiga meza.) Mtoto wa miaka 13 aliyevunjika kwa ajili ya jina la shule hana CNSS, hana delege, hana meza ya kupiga. Mwenye shule atajibu kwamba yeye hakumwajiri mtu. Naye atajibu hivyo kwa haraka, maana sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inasema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 16 hawezi kuajiriwa. Lakini angalieni wenyewe. Mtoto ana saa zake za kufika uwanjani. Ana kapita wake mwenye filimbi. Akishindwa, anafukuzwa. Na jasho lake linaleta faida, kwa sababu picha yake na kikombe inawekwa juu ya lango ili wazazi wenye dola waione na kusema: hii ni shule ya kweli. Kama hiyo si kazi, tunaomba mtu atufundishe jina lake.

Tena mguu una bei hata nje ya shule. Katika sheria za FIFA, mchezaji mwenye kontra akiuzwa kutoka ekipe moja kwenda nyingine, sehemu 5 katika 100 ya bei hugawanywa kwa ekipe zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 mpaka wa 23. Hilo si baya: aliyelea alipwe. Lakini mzazi anayetia sahihi, akiona shule inamwandikisha mtoto katika ekipe fulani ya mjini, aulize palepale: ekipe hii ni ya nani, na siku mtoto atakapouzwa, nani atakula?

Jambo hili si geni katika inchi yetu. Mwaka 1939 mapadri Wabenediktini waliokuwa na shule ya Saint-Boniface katika Élisabethville walianzisha ekipe ya mpira kwa wanafunzi wao, wakaiita Saint-Georges. Ekipe hiyo ndiyo baadaye iliitwa Englebert, ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na leo ni Mazembe yetu. Katika Léopoldville, Padri Raphaël de la Kéthulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alipanga mashindano ya mpira na kujenga viwanja, mpaka uwanja mkubwa wa kule ukapewa jina lake. Sisi wenyewe tumesoma kwa mapadri na hatutukani mkono uliotufundisha kushika kalamu. Lakini hesabu ni hesabu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya universite hawakufika 30 katika inchi yote. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Mpira hatukunyimwa. Tulichonyimwa ni kalasi za juu. Bula Matari aliogopa kichwa cha Mukongo, hakuogopa miguu yake.

Hata kiwanja chenyewe kilikuwa chetu kwa mchezo tu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa sababu bei za vita zilipanda na mshahara haukutosha. Katika Élisabethville walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Liwali Maron alikuja na askari, na askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao, naye alikuwa mtu aliyesoma. Wazee wetu walipotumia uwanja ule kwa kusema mambo ya posho na mshahara, ndipo walipojua uwanja ni wa nani.

Na baada ya uhuru je? Mwaka 1974 Léopards walishinda Kombe la Afrika, na katika mashindano yale Ndaye Mulamba alitia magoli 9. Mpaka leo hakuna mchezaji aliyetia mengi kuliko hayo katika Kombe moja la Afrika. Mwaka ule ule walikwenda kucheza Kombe la Dunia kule Ujerumani, ahadi zikawa nyingi na feza haikuonekana, wakafungwa 9 na Yugoslavia, na ahadi zote zikazikwa siku ile. Ndaye mwenyewe aliheshimiwa tena kule Tunisia mwaka 1994, akavishwa medali. Aliporudi nyumbani wezi wakamvamia, wakidhani amerudi na mali, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko katika umaskini miaka mingi, akafa mwaka 2019. Tunamheshimu sana. Mtu ambaye miguu yake ilifurahisha inchi nzima alipaswa kuwa na kitu kingine cha kushika siku mguu ulipomwacha.

Sasa watatokea watu wa kutujibu, na jibu lao si la kijinga, lazima tulipime. Watasema: bila mpira, mtoto huyu maskini asingeona hata mlango wa shule nzuri. Watamtaja Victor Moses. Ni kweli. Mtoto wa Nigeria, wazazi wake waliuawa katika machafuko ya Kaduna mwaka 2002, akapelekwa London akiwa na miaka 11, mpira ukamfungulia mlango wa Whitgift, shule ya kulipia ya watu wenye mali, na mwaka 2017 akawa bingwa wa Uingereza pamoja na Chelsea. Tunafurahi pamoja naye. Lakini Moses mguu wake ulikubali. Swali letu ni la yule ambaye mguu ulikataa. Mwenye shule anayetuonyesha picha ya mmoja aliyefika Ulaya, atuonyeshe pia daftari: wangapi waliingia kwa burse ya mpira tangu afungue shule, wangapi walifika Ekzame ya Serikali, wangapi walipata diploma. Karani yeyote anaweza kutengeneza kartasi hiyo kwa nusu siku. Tutangoja.

Wala hatusemi mchezo uondoke shuleni. Mji huu unasimama siku Mazembe na Lupopo zinapokutana, na sisi tunakuwa pale, tunapiga kelele kama wengine, na Jumatatu sauti haitoki ofisini. Mtoto anayekaa kitako mchana kutwa bila kukimbia anakuwa mgonjwa wa mwili na wa roho. Tunasema mchezo ni haki ya kila mtoto wa shule, yule mwenye mbio na yule mnene, mvulana na msichana. Shule zenye burse ya mguu zinafanya kinyume. Kiwanja kinafungwa kwa ajili ya ekipe, wengine wanatazama kupitia fensi, na wachezaji wenyewe wanatolewa katika somo la hesabu ili wakafanye mazoezi. Basi mtoto maskini aliyeingia kwa ekzame anakosa somo, na mtoto tajiri aliyelipia somo anakosa mchezo. Huo ndio ufundi wa wakubwa wetu.

Wenye shule hizo wanapenda kusema kwamba wanafuata mfano wa Uingereza na Marekani. Haya, tuangalie mfano. Mfalme Henry VI wa Uingereza alianzisha shule ya Eton mwaka 1440 ili watoto 70 maskini wasome bure. Nafasi zile 70 zipo mpaka leo, na zinashindaniwa kwa ekzame ngumu. Lakini shule sasa ina vijana zaidi ya 1,300, na bei yake kwa mwaka inapita pauni 50,000. Walioalikwa kwanza wamekuwa kona ndogo ya nyumba yao wenyewe. Na mchezo je? Shule za kulipia za Uingereza zinasomesha karibu watoto 7 katika 100. Lakini Waingereza waliorudi na medali kutoka Rio mwaka 2016, karibu theluthi yao walitoka katika shule hizo. Si kwamba mtoto wa tajiri amezaliwa na mbio. Ana kiwanja chenye majani, ana mto wa kupigia makasia, ana mwalimu wa kumsahihisha kila siku. Kule katika shule nyingi tuzo ya michezo ni heshima pamoja na punguzo dogo la bei, na punguzo la namna hiyo linamsaidia yule anayeweza kulipa sehemu inayobaki. Maskini hapati kitu hapo.

Marekani ni zaidi. Mwezi wa Machi 1919 ungesema ni hadithi, lakini ni Machi 2019: serikali ilifunua kwamba wazazi matajiri walimlipa mtu mmoja, Rick Singer, ili watoto wao waingie katika vyuo vikuu vyenye kuchagua sana, kama Yale na Stanford, wakiandikwa kuwa wachezaji. Wengine hawakujua hata mchezo wenyewe. Picha zilitengenezwa, uso wa mtoto wa tajiri ukabandikwa juu ya mwili wa mchezaji wa kweli. Walimu wa michezo walikula feza. Singer alihukumiwa mwezi wa Januari 2023 miaka mitatu na nusu ya kifungo. Ndugu, mkitaka kujua mlango gani wa shule una kufuli nyepesi, mwulizeni mwizi. Alipita katika mlango wa michezo.

Turudi kwetu. Kwa nini baba anatia sahihi bila kusoma? Kwa sababu amesukumwa ukutani. Wakati Gécamines ilikuwa na nguvu, mtoto wa mfanyakazi alikuwa na shule ya kampani na hospitali ya kampani. Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kutolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na hiari ile tunaijua. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mwalimu wa serikali analipwa kwa mfuko wa mzazi, kwani mshahara wake ulikuwa kama hewa. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, na jambo hilo lilianza kutendwa katika inchi yote mwezi wa Septemba 2019. Vizuri. Lakini kalasi zikajaa, na sekondari haimo katika ahadi ile. Hapo ndipo lango la chuma linapoonekana kama lango la mbinguni, na baba anatia sahihi.

Feza ya kufanya vizuri zaidi ipo, nasi tunajua inapopita kwa sababu inapita juu ya meza zetu. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inaamuru kila kampani inayochimba itoe angalau sehemu 0.3 katika 100 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Hiyo si sadaka, ni sheria. Lakini tunaona nini? Kampani inapenda kununua mashati ya mpira, sababu jina lake linaandikwa mgongoni na mpiga picha anakuja. Burse ya mtoto wa kalasi ya tatu anayesoma kwa taa ya simu haina mgongo wa kuandikia jina.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayowaomba wadelege wa sindika na komite za wazazi wapeleke mbele, mwaka huu, kabla ya kuandikisha watoto. Burse ipimwe kwa vitu viwili, ekzame ya mtoto na mfuko wa mzazi, na mguu usitajwe. Ikiisha kutolewa, iandikwe kwamba inadumu mpaka Ekzame ya Serikali, na kwamba haitaondolewa kwa sababu nyingine ila mtoto kuacha masomo kwa mapenzi yake au kushindwa kalasi mara mbili. Mtoto anayechezea shule akiumia, shule ilipe daktari. Mazoezi yasiguse saa ya somo hata moja. Na kampani zikae pamoja na wazazi katika zile komite zinazogawanya 0.3, nasi tuone kwa macho ni watoto wangapi wamesomeshwa kwa feza hiyo.

Mwenye shule akisema masharti haya ni mazito, mwulizeni lipi kati yao linamlemea. Akitaja lile la daktari, mmekwisha kujua anachokitaka kwa mtoto wenu. Na yule mwenye kartasi tayari nyumbani asiichane. Ailete kwa karani wa karibu, katika mgodi wowote, saa ya kupumzika, tuisome pamoja naye polepole, tuandike kwa mkono kile kinachokosekana, kisha arudi nayo kwa prefe na kumwomba atie sahihi chini yake. Akikataa, atuletee kartasi yenye kukataliwa. Tunazikusanya.